Pipa Lisiloguswa

Tukubaliane mapema tusije tukabishana njiani: siku ile mjinga alikuwa Aubin Gauthey. Mwenyewe hakatai. Siku hizi hata anasimulia akicheka, ingawa kicheko hicho kilimchukua miezi mitano kukipata.

Ilikuwa Jumamosi ya Januari, saa tano asubuhi, ndani ya soko kuu la Dijon, wakati watu wanasukumana kati ya meza za jibini na meza za samaki, pumzi zikiwatoka kama mvuke wa birika. Aubin alikuwa nyuma ya meza ya mvinyo ya mwajiri wake, aproni ya ngozi kiunoni, mikono ya shati imekunjwa hadi viwikoni kana kwamba baridi ni habari ya watu wengine. Siku tano za wiki alitunza mapipa katika ghala moja la Beaune. Jumamosi alikuja mjini kuuza alichokitunza. Miaka thelathini na minne, mabega mapana, ulimi mwepesi. Na alikuwa na ugonjwa mmoja ambao mama yake alishakata tamaa kuutibu: hakuweza kuona pengo akaliacha. Glasi ya mtu ikipungua, anajaza. Mtu akinyamaza, anaongea. Mtu akitafuta neno, anamtafutia, na mara nyingi anampa lisilo lake.

Basi akatokea mwanamke mwenye koti la rangi ya haradali lililomfika magotini, buti za kijeshi zilizochoka, nywele kaziviringa juu na kuzichoma penseli zisidondoke. Akabandika tangazo kwenye nguzo iliyo karibu na meza ya Aubin, akalilainisha kwa kiganja, akarudi nyuma hatua mbili kulitazama kama mtu anayetazama mtoto wake akienda shule.

SIKU TATU ZA KUONJA MVINYO JURA. SIKUKUU YA KUPAA. WATU KUMI NA WAWILI TU. MWEKUNDU KWANZA, MWEUPE BAADAYE.

Aubin akasoma huku anatafuna kipande cha jibini. Akacheka puani. Halafu, ndugu msomaji, akachukua kalamu ya wino mzito aliyokuwa akiandikia bei, akanyoosha mkono wake mrefu, akakata mstari wa mwisho na kuandika juu yake: MWEUPE KWANZA, MWEKUNDU BAADAYE.

"We kaka! Unafanya nini?"

"Nakusaidia, dada. Ulikosea mpangilio."

"Nilikosea?"

"Mweupe ndio unaotangulia. Kila mtu anajua."

"Kila mtu nani? Nitajie majina."

"Ah, majina tena! Watu. Ulimwengu mzima."

"Ulimwengu mzima." Yule mwanamke alitikisa kichwa taratibu. "Yaani unaanzia hapa Dijon unaishia Beaune. Mwendo wa dakika ishirini kwa treni."

"Usikasirike bwana. Lakini Jura nako? Si kule kwa ng'ombe?"

"Kule kule. Kwa ng'ombe walioitoa hiyo jibini uliyojaza mdomoni."

Foleni ilicheka. Aubin akaacha kutafuna. Mwanamke akafungua mkoba, akatoa chupa mbili zilizoanza kunywewa, akachukua glasi mezani kwake Aubin bila kuomba, akamimina mvinyo mwekundu hafifu, rangi ya waridi lililofifia juani.

"Kunywa."

Aubin akanywa. Ulikuwa mwepesi, wenye uchachu wa matunda ya porini, mvinyo wa kukuamsha na kukuacha na njaa.

"Sasa huu."

Mweupe ulimpiga. Njugu zilizokaangwa, chumvi, moshi, kitu kama ganda la mkate wa jana. Ukamkaa kooni ukakataa kuondoka.

"Rudi kwenye mwekundu."

Akarudi. Hakusikia kitu. Maji ya kusukutulia yana ladha kuliko ule.

"Haya, uambie ulimwengu mzima," alisema yule mwanamke.

Katika foleni alisimama bibi mmoja mwembamba, kofia ya sufu, kikapu cha vitunguu mkononi. Jina lake Bi Petitjean, mwenyekiti wa kwaya ya mtaa wao. Akaingilia kati kwa sauti ya mtu aliyezoea kuwanyamazisha wengine. "Kijana, mrudishie binti wa watu karatasi yake. Na wewe binti, hizo nafasi kumi na mbili zimeshachukuliwa?"

"Hakuna hata moja, mama."

"Basi usimpe mtu. Kwaya yetu inatafuta pa kwenda, na Bordeaux wanakwenda wenye kutaka kuonekana."

Aubin alilazimika kuliandika tangazo upya, amepiga magoti juu ya kreti, herufi kwa herufi, mwanamke akimsimamia. Alipomaliza akauliza, masikio yakiwa mekundu, kama anaweza kupata namba ya simu, ili aombe radhi vizuri zaidi siku nyingine.

"Ipo hapo chini," alisema yule mwanamke akichukua mkoba wake. "Kwa maelezo zaidi. Kama kwa kila mtu."

*

Alipiga siku hiyo hiyo, saa kumi jioni.

"Haloo. Hapo ni kwa maelezo zaidi?"

"Inategemea anauliza nani."

"Mtu wa kalamu."

"Ahaa," ilicheka ile sauti. "Ulimwengu mzima umepiga simu."

Jina lake lilikuwa Lison Bouvret. Alikuwa amefanya kazi miaka minane katika ofisi ya safari huko Paris, akipeleka watu mahali ambapo watu walishapelekwa, mpaka siku moja aliwaambia wakubwa wake kwamba anaweza kuifanya kazi ile akiwa amelala, nao wakamruhusu akalale. Sasa alikuwa na chumba kimoja ghorofa ya nne karibu na stesheni ya Dijon, simu, na ukaidi.

Februari nzima walipanga safari ile juu ya meza ya jikoni ya Lison, magoti yakigusana chini kwa sababu meza ilikuwa ndogo, ingawa hata ingekuwa kubwa yangegusana. Alhamisi treni ya asubuhi, kubadilisha Mouchard, kushuka Arbois. Miguu mizuri itembee kwenye mashamba ya mizabibu. Miguu mibaya ipande gari la jirani. Mchana wa Ijumaa kuku wa mchuzi wa mvinyo na uyoga, isipokuwa Bwana Morlot wa sauti ya nne, ambaye uyoga humvimbisha midomo akashindwa kuimba.

"Jumamosi mchana pana pengo," alisema Aubin. "Saa nane mpaka saa kumi hakuna kitu."

"Ndiyo."

"Tuweke kitu. Jumba la makumbusho. Au tupite—"

"Aubin, mpenzi, hilo pengo nimeliweka mimi. Watu wakae kwenye majani, wasifanye chochote."

"Saa mbili nzima?"

"Unaona? Umeanza kutoka jasho." Akambusu penye jasho. "Nitakuita Bwana Jaza. Glasi unajaza, ratiba unajaza, hata sentensi zangu unazimalizia."

"Nazimalizia kwa—"

"Upendo. Najua. Umeona ilivyo? Inaudhi."

Walicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Lakini chini ya kicheko palikuwa na jambo, na Lison alilieleza jioni moja akiwa anamenya viazi. Shamba, nyumba na ghala vilikuwa vya shangazi yake, Huguette, aliyetimiza miaka sabini na mmoja, mgongo umeanza kumkatalia. Tajiri mmoja wa Burgundy, mkoa wa kina Aubin, alikuwa akimpigia simu kila mwezi, kwa adabu, akitaka kununua mizabibu yote. Shangazi alikuwa amempa Lison muda mpaka mavuno: kama anaweza kuonyesha kwamba kuna watu wanaotaka kuja kule, wakae, waonje, watamani kurudi, shamba litabaki kwake. Akishindwa, shangazi atatia saini.

"Kwa hiyo kwaya ndiyo mtihani," alisema Aubin.

"Kwaya ndiyo mtihani. Na siku ya pili ndiyo swali lenyewe: pipa la shangazi. Mvinyo wa manjano."

"Huo nimeusoma. Miaka sita na miezi mitatu pipani, bila kuujazia. Si mnauweka darini, kwenye joto?"

"Mwingine darini," alisema Lison, na viazi vikachemka vikamwagika juu ya jiko, mazungumzo yakaishia hapo. Laiti vile viazi vingengoja dakika moja.

*

Aprili walikwenda wote wawili kuandaa nyumba. Aubin alivaa shati jipya la buluu na viatu alivyovipiga rangi ndani ya treni. Shangazi Huguette aliwapokea mlangoni, koti la kazi lililopauka, soksi za sufu ndani ya viatu vya mbao, macho ya mtu anayekagua zabibu zilizopigwa na mvua ya mawe.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, shangazi."

"Wa Beaune."

"Shikamoo, shangazi," alisema Aubin kwa heshima zote.

"Marahaba. Futa miguu."

Wanawake wakapanda juu kuanika magodoro. Aubin akatumwa ghalani kuleta chupa moja ya chakula cha mchana. Akashuka ngazi za mawe akipiga mluzi. Harufu ya ghala ilimpokea kama ndugu: ubaridi, mbao, ukungu. Na pale chini ya ngazi, peke yake, mbali na mengine, palikuwa na pipa moja.

Akaligonga kwa kifundo cha kidole, kama daktari anavyogonga kifua. Juu lilitoa sauti ya utupu.

Akang'oa kizibo, akamulika kwa simu. Mvinyo ulikuwa umeshuka chini kiasi cha kiganja kizima, na juu yake umetanda utando wa kijivu wenye mikunjo, kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Moyo wake ulishtuka. Huko kwao, ukiona utando ule, unajua pipa linaumwa. Kila Jumatatu kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akipita pipa kwa pipa na jagi mkononi ili jambo kama lile lisitokee. Masikini shangazi, aliwaza, mgongo wake haumruhusu tena kuinama. Na la manjano liko darini, kwa hiyo hili ni la kawaida, limesahauliwa tu.

Akachukua jagi, akateka mvinyo mweupe wa mwaka jana kwenye tangi lililokuwa kando, akamimina. Polepole, kwa ustadi, mpaka utando ukapanda, ukapasuka, ukatoka kwenye tundu vipande vipande, akavifuta kwa kitambaa safi. Akamimina mpaka ukingoni. Akapiga kizibo kwa ngumi. Alijisikia vizuri kama mtu aliyemtoa mtoto mtoni.

Mezani alisubiri mpaka supu imegawiwa.

"Shangazi, lile pipa la chini ya ngazi lilikuwa linakufa. Usiwe na wasiwasi. Nimelijaza."

Kijiko cha Lison kilianguka.

"Pipa lipi?" aliuliza shangazi.

"Lile la peke yake. Lilikuwa limeota utando, nimeutoa wote."

Shangazi Huguette alishika ukingo wa meza akasimama, akashuka ngazi zile kwa mgongo ule, na walichosikia kutoka huko chini ni kizibo kikitoka. Alipopanda tena hakuwa na rangi usoni.

"Miaka mitano na nusu," alisema. "Ilibaki miezi tisa. Utando ule ndio ulioutengeneza mvinyo, we mwanamume. Utando ule ndio mvinyo." Akamsogelea. "Nani amekutuma? Yule tajiri wenu?"

Lison alifungua mdomo kumtetea.

"Namuuliza huyu. Tajiri kapiga simu Jumatatu, akaniuliza pipa langu linaendeleaje. Leo ni Jumamosi, na pipa halipo. Umetumwa?"

"Aubin," alisema Lison. "Sema kitu."

Na hapo, mtu ambaye hakuwahi kushindwa kujaza kimya cha mtu yeyote alishindwa kujaza cha kwake. Kwa aibu alitazama supu. Kimya kikakua, kikawa jibu, na lilikuwa jibu baya.

Lison alimsindikiza mpaka getini tu. Hakulia; alikuwa na hasira kavu, ile mbaya zaidi.

"Sikukuambia usiguse. Unajua kwa nini? Kwa sababu hapa hakuna mtu aliyewahi kuhitaji kuambiwa. Ratiba yangu uliijaza, sentensi zangu unazijaza, sasa pipa la shangazi. Kila ukiona nafasi unaimwagia cha kwako. Mimi nitapumulia wapi?"

"Lison, roho yangu—"

"Treni ni saa nane na dakika kumi. Ondoka."

*

Aubin aliandika ujumbe mmoja tu, kutoka kwenye benchi la stesheni ya Mouchard: *Sikutumwa na mtu. Nilidhani linaumwa. Nisamehe.* Kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani. Akanyamaza.

Siku ya kwanza vidole vilimuwasha. Siku ya tano aliiacha simu kwenye gari makusudi. Jumatatu alipita na jagi lake, pipa kwa pipa, akisita mbele ya kila tundu hata msimamizi akamuuliza kama anaumwa. Mama yake alimwambia apeleke maua. Rafiki zake wakamwambia aende akasimame chini ya dirisha lake. Akawaambia hapana. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Usimhurumie sana, alikuwa anajifunza kazi ambayo wenzake huijua tangu utotoni.

Ilipotimia wiki tatu, simu ikalia ndani ya aproni.

"Mbona hupigi?" Sauti ya Lison, kali kama siki.

"Ulisema niondoke."

"Nilisema uondoke, sikusema ufe! Wiki tatu, Aubin! Wewe ambaye nikichelewa dakika mbili unapiga kuuliza kama simu yangu ni nzima!"

"Nilitaka upate pa kupumulia."

Lison alivuta pumzi. Mdomo wa Aubin ulifunguka wenyewe, akauuma, akaufunga.

"Upo?"

"Nipo."

"Mbona husemi kitu?"

"Nakusikiliza."

"Hee," alisema Lison taratibu. "Makubwa haya." Kisha akajikaza. "Sikia basi. Shangazi alitaka tuiahirishe kwaya. Nimekataa. Alitaka tufute siku ya pili, tuwapeleke wakaangalie maporomoko ya maji. Nimekataa. Ratiba haibadiliki hata mstari. Ijumaa saa nne: pipa la chini ya ngazi."

"Lakini pipa lenyewe lime—" Akajikatiza.

"Malizia tu, leo nakuruhusu. Limeharibika. Ndiyo. Na wewe utasimama mbele yake, mbele ya watu kumi na wawili, ueleze ulichofanya. Bila kupunguza na bila kuongeza. Hasa bila kuongeza."

"Watanicheka."

"Imo kwenye ratiba."

"Na shangazi?"

"Shangazi bado anaamini ulitumwa."

"Na wewe?"

"Mimi?" Kwa mara ya kwanza sauti yake ilitabasamu kidogo. "Mimi najua hakuna tajiri mwenye akili timamu atakayekutuma wewe kazi ya siri."

*

Ijumaa baada ya Kupaa palikuwa na jua jembamba. Kwaya iliamka na hamu. Lison alivaa gauni la manjano, rangi ya ute wa yai, na buti zake zile zile. Aubin alikuja na treni ya asubuhi, shati jeupe, mikono mitupu. Shangazi alimpita mlangoni kama anavyopita mwavuli.

Walianza na mwekundu. Bwana Morlot, kitambi mbele, alinyoosha mkono kwenye chupa ya mweupe, Bi Petitjean akampiga kofi la vidole. "Mwekundu kwanza! Mimi nilikuwepo sokoni vita ilipopiganwa."

Kisha wakashuka, wakajipanga nusu duara kwa sauti zao, ya kwanza mpaka ya nne, maana hawajui kujipanga vingine. Lison akapanda kipago cha mwisho cha ngazi.

"Kwingine kote watawaonyesha yaliyofaulu," alisema. "Watawapitisha kwenye mapipa mazuri, mtaitikia ndiyo ndiyo, mtakwenda nyumbani msikumbuke hata moja. Mimi nawaonyesha lililoharibika. Mkiondoka hapa mtajua mvinyo wa manjano ni nini kuliko waliokunywa chupa mia. Aubin, njoo."

Akasimama. Akaeleza: kugonga, kizibo, utando, jagi. Alipofika pale aliposema "nikajisikia vizuri," sauti ya nne ilianza kutikisika mabega. Alipofika kwenye supu, ghala zima lilikuwa linacheka, wengine wakifuta machozi. Hakutafuta kisingizio. Alisema, "Kwetu utando ni ugonjwa, hapa ni mlezi. Sikuuliza. Nilidhani kila kilichopungua kinaniita mimi." Akanyamaza hapo hapo.

Lison akamimina glasi mbili kwa kila mmoja: moja ya mvinyo wa manjano wa kweli, kutoka chupa ya zamani, nyingine kutoka pipani. Kicheko kikakoma. Watu walinusa, wakanywa, wakarudia, wakatazamana.

"Huu wa kwanza unanitisha," alisema Bi Petitjean. "Nataka tena."

"Na huu wa pipa?" aliuliza Lison.

Bi Petitjean alizungusha mdomoni kwa muda. "Huu una wazazi wawili ambao hawajaoana."

"Lakini unaimba," alisema Bwana Morlot. Na hapo ikazuka ngurumo: sauti ya pili wanasema hauimbi, unakohoa; sauti ya tatu wanasema bora huu, ule mwingine wa makasisi. Mmoja akauliza kama darini yako mengine. Yako mawili, hayajaguswa, yanafunguliwa Desemba ya mwaka kesho. Bi Petitjean akatoa kijitabu cha kwaya. "Desemba ya mwaka kesho, kwaya nzima. Na tutakunywa na huu wa mjazaji pia, tuone umekua vipi."

Simu ikalia kwenye koti la shangazi Huguette. Akaitazama, akaipokea bila kutoka.

"Ndiyo, ndiye mimi... Hapana. Siuzi." Akasikiliza kidogo. "Kwa sababu nina watu kumi na wawili hapa chini wanagombania mvinyo ulioharibiwa na mtu wa kwenu. Hebu fikiria wataugombaniaje ulio mzima." Akakata. Akamtazama Aubin kwa mara ya kwanza tangu Aprili. "Kaniuliza tena pipa linaendeleaje. Kumbe kweli hawakukutuma. Ni ujinga wako mwenyewe."

"Wangu mwenyewe, shangazi."

"Afadhali. Ujinga una dawa."

Chakula kiliwekwa uani, kuku akitoa mvuke, uyoga mweusi ukielea mchuzini, sahani ya Bwana Morlot pembeni bila uyoga. Lison alikaa kando ya Aubin. Glasi yake ilishuka nusu, ikashuka robo. Mkono wa Aubin ukaenda kwenye chupa, ukasita njiani, ukarudi gotini.

Lison aliuona. "Mbona hujazi?"

"Hujaomba."

Chini ya meza goti la Lison likalitafuta la mwenziwe, ingawa meza ile ilikuwa ndefu na nafasi ilikuwepo tele.

Aubin akaweka uma chini. "Lison. Nina swali moja. Nitauliza mara moja, halafu sitaongeza neno." Meza ikaanza kutulia kuanzia upande wao. "Utakubali nikuoe?"

Kuku akapoa. Nyuki akapita. Lison akamtazama, akamtazama tena, wala hakusema kitu, na wale kumi na wawili walioimba maisha yao yote hawakuwahi kusikia kimya kirefu namna ile. Aubin alikuwa na jasho kwenye paji la uso. Hakukijaza.

Aliyekijaza ni shangazi Huguette.

"Katika nyumba hii? Mtu wa Beaune? Baba yangu atafufuka arudi kunipiga!"

"Shangazi—"

"Sijamaliza! Amekuja hapa mara mbili. Mara ya kwanza kaharibu pipa, mara ya pili anataka mke! Ya tatu atataka nini, mnara wa kanisa?"

"Mimi mwenyewe sijajibu bado, shangazi."

"Na usijibu! Akitaka kitu cha nyumba hii atakipata kama vinavyopatikana vyote: kwa kungoja. Miaka sita na miezi mitatu, kizibo kimekazwa, na asiguse mtu!"

Lison alichukua chupa ya mvinyo wa manjano. Akaijaza glasi ya Aubin yeye mwenyewe, polepole, mpaka ukingoni, mpaka tone moja likamwagika juu ya kitambaa cheupe cha shangazi.

"Shangazi yangu," alisema akijinyooshea kidole kifuani, "pipa hili nalo limeshaguswa."